Watafsiri wa filamu, tuachieni kimya cha miaka ya 1970

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwajibu wasomaji waliochangia mjadala wa ukurasa wa burudani kuhusu filamu za kutisha za miaka ya 1970. Wengi wamesema zimepitwa na wakati: zikiwekwa leo kwenye kibanda umiza, yaani banda la mtaani la kuonyeshea filamu, vijana wanacheka, wanachezea simu au wanasinzia kabla zimwi halijatokea. Hayo ni kweli, ndivyo hali ilivyo mabandani. Sababu waliyoitoa ndiyo siikubali. Filamu hazijachakaa. Zinatufikia zikiwa zimekatwa pembeni, zimepandishwa mwanga mpaka giza likageuka kijivu, sauti zake nzito zimepotea, na juu ya yote yupo mtafsiri, anayesimulia kwa Kiswahili juu ya sauti ya filamu, asiyenyamaza tangu jina la filamu linapotokea hadi orodha ya waigizaji inapokwisha. Hofu ya filamu hizo iliwekwa ndani ya vitu hivyo hivyo tunavyoviondoa: kimya, giza na ukingo wa picha.

Sipingi utafsiri. Ni sanaa kamili, na bila watafsiri wetu, bila ma-DJ wa Kenya na wale ambao Kampala wanawaita VJ, watu wengi wasingefuata kisa hata kimoja. Kwenye filamu za mapigano maneno yao huongeza utamu. Kwenye filamu ya kutisha, neno moja likiwekwa mahali pasipo pake linabomoa dakika tano za kazi ya watu. Nitaonyesha ni mahali gani.

Nianze na Jaws, ya mwaka 1975, iliyoongozwa na Steven Spielberg, kwa sababu kila mtu anadhani anaijua. Papa wa filamu hiyo alikuwa mtambo wenye urefu wa mita 7 na nusu hivi. Ulipoingizwa baharini huko Martha's Vineyard, maji ya chumvi yaliuharibu, ukawa haukai sawa hata siku mbili mfululizo. Kazi iliyopangiwa siku 55 ikachukua 159. Spielberg, akiwa hana papa wa kupiga picha, ikambidi atengeneze hofu kwa vitu vingine: kamera iliyowekwa usawa wa maji, mapipa ya manjano yanayovutwa juu ya bahari na kitu usichokiona, na noti mbili za mtunzi wa muziki John Williams. Papa mwenyewe haonekani vizuri mpaka imepita saa 1 na dakika 20 hivi, katika filamu ya dakika 124.

Itazameni tena sehemu ya mwanzo, yule msichana anayeogelea usiku. Hakuna jino, hakuna pezi. Mwigizaji alifungwa mshipi wenye kamba, na watu wakamvuta huku na huku. Kinachoonekana ni mwili unaokwenda upande ambao haukutaka kwenda. Kisha anazama, na linalobaki ni bahari iliyotulia na kengele ya boya ikilia polepole. Kengele hiyo ndiyo inayotisha, maana bahari imeshasahau. Sasa mtafsiri anapojaza nafasi hiyo kwa kusema, "Ndugu mtazamaji, huyo ndiyo basi tena, kaliwa na papa," amefanya mambo mawili kwa mpigo: amefunika kengele, na amelitaja jina la kitu ambacho filamu itakificha kwa zaidi ya saa nzima.

Kuhusu zile noti mbili, kuna jambo ambalo watu wachache hulizingatia: muziki wa Jaws hausemi uongo. Watoto wawili wanapowatisha watu ufukweni kwa pezi la kadibodi, muziki haupigwi. Kwa hiyo bila kujijua mtazamaji anajifunza kwamba pasipo muziki hapana papa. Halafu, mkuu wa polisi akiwa anamwaga chambo majini huku akilalamika, papa anatoa kichwa chote nje na hakuna noti hata moja iliyomtangulia. Mlinzi tuliyemwamini ametuacha. Mtazamaji hawezi kuupata mshtuko huo kama muziki wote wa kabla yake ulikuwa chini ya sauti ya mtu mwingine.

Zaidi ya hapo, noti zile huanzia chini sana kwenye besi, mitetemo 41 na 44 hivi kwa sekunde. Spika ya simu haitoi kitu cha maana chini ya mitetemo 200. Runinga nyembamba nazo huanza kupoteza sauti kabla hazijafika 100. Anayeitazama Jaws kwenye simu anasikia mkwaruzo wa nyuzi tu, ule uzito wenyewe haupati. Na kibanda kinachoendeshwa kwa jenereta lililowekwa nyuma ya ukuta wa bati kimeumeza uzito huo, kwa sababu mngurumo wa jenereta uko eneo hilo hilo.

Halloween, ya John Carpenter, ilitoka Oktoba 1978. Ilitengenezwa kwa dola 300,000 hivi, ikapigwa picha kwa siku 20 hivi. Ni kisa cha vuli kilichopigwa wakati wa majira ya kuchipua, kwa hiyo majani ya bandia yalipakwa rangi, yakatawanywa, kisha yakaokotwa ili yatumike tena. Kinyago cha muuaji kilikuwa sura ya William Shatner, kilinunuliwa kwa bei isiyofika dola 2, kikapakwa rangi nyeupe na matundu ya macho yakatanuliwa. Umaskini huo si siri, lakini hauonekani, kwa sababu fedha kidogo iliyokuwepo iliwekwa mahali panapostahili: kwenye lenzi pana na kwa mpiga picha Dean Cundey.

Picha ya Halloween ina upana mara 2.35 ya kimo chake. Carpenter aliutumia upana huo kama mtu anavyotumia ua wa nyumba usiku. Msichana yuko upande mmoja anaongea na shoga zake, na upande wa pili, mbali, karibu na ukingo, pana umbo limesimama. Hakuna anayelitaja, na kamera hailikimbilii. Unaliona au hulioni, na ukishaliona mara moja unaanza kukagua kila kona ya kila picha inayofuata. Mtazamaji anajitisha mwenyewe.

Nakala za zamani za kanda za video zilibanwa ziingie kwenye runinga za mraba, na hapo ilipotea zaidi ya asilimia 40 ya picha. Leo runinga ni pana, lakini wenye mabanda wengi hawapendi ile mistari myeusi juu na chini, basi wanabonyeza kitufe cha kukuza mpaka picha ijae kioo. Hesabu ni rahisi: kioo cha kisasa kina upana mara 1.78 ya kimo, kwa hiyo ukikuza filamu ya 2.35 umetupa karibu robo ya picha, nusu yake kulia na nusu kushoto. Muuaji alikuwa amesimama humo. Kisha tunasema filamu haitishi.

Iko sehemu moja ambayo ningependa kila kijana anayesoma utengenezaji wa filamu aitazame mara kumi. Msichana ameshagundua miili, ameegemea ukuta analia, na kando yake kuna mlango wenye giza. Humo gizani kinyago kinaanza kuonekana, taratibu, kama vile macho yako ndiyo yanayozoea giza. Cundey alikuwa na taa moja ndogo iliyounganishwa na swichi ya kupandisha mwanga kidogo kidogo. Taa moja, mkono mmoja. Hapo runinga ikiwekwa kwenye hali ile ya rangi kali na mwangaza wa juu, ambayo madukani huwashwa ili kuvutia wanunuzi, giza la mlangoni linakuwa kijivu na kinyago kinaonekana tangu sekunde ya kwanza. Nakala iliyobanwa sana, filamu nzima ndani ya megabaiti 300, ina ubaya mwingine: giza linavunjika kuwa vijisanduku vinavyotikisika, na jicho linatazama vijisanduku.

Muziki wa Halloween Carpenter aliutunga mwenyewe kwa siku chache. Kabla ya hapo alimwonyesha mkuu mmoja wa kampuni ya filamu nakala isiyo na muziki, na mkuu yule hakutishika hata kidogo. Wimbo mkuu una mapigo matano badala ya manne. Mguu uliozoea kupiga nne unajikwaa kila baada ya duru, na mwili hautulii hata pale ambapo hakuna kinachotokea. Mtu asiyejua lolote kuhusu muziki anaihisi ile hitilafu. Kwa hiyo mtafsiri anapoushusha wimbo huo mpaka sifuri ili aongee, hajaondoa pambo, ameondoa kiungo.

The Exorcist, ya William Friedkin, kisa cha binti aliyepagawa na pepo, iliyotoka mwishoni mwa Desemba 1973, inasifiwa kwa kichwa kinachozunguka na matapishi ya kijani, yaliyokuwa supu ya njegere. Hayo ndiyo mambo ambayo vijana huyacheka, na sioni ajabu, maana wameshayaona yakiigwa mara elfu. Nguvu ya filamu hiyo iko masikioni. Kati ya uteuzi 10 wa Oscar ilishinda 2, na mmojawapo ulikuwa wa sauti. Friedkin aliukataa muziki aliotungiwa na Lalo Schifrin, akabaki na muziki kidogo sana, na palipobaki wazi akaweka vitu: nyuki waliokasirika, nguruwe wanaopelekwa kuchinjwa. Sauti ya shingo inayogeuka ilitoka kwa fundi kutoka Mexico, Gonzalo Gavira, aliyekuwa akiipinda pochi ya ngozi yenye kadi ndani yake, karibu na kinasa sauti. Sauti ya pepo ni ya Mercedes McCambridge, mwigizaji mzoefu wa redio, aliyemeza mayai mabichi, akavuta sigara na kunywa wiski ili koo lake likwaruze. Na ule mvuke unaotoka vinywani mwa mapadri ni pumzi halisi: chumba cha kulala kilijengwa studio na kupozwa kwa mitambo hadi chini ya sifuri.

Hapa naomba wenye mabanda wanisikilize, kwa sababu kosa hili linarudiwa kila mahali. Filamu inaanzia Iraq: adhana, jua, kisha sululu na nyundo zinazogonga. Ni sehemu ya makelele, na imewekwa iwe hivyo. Mwenye kibanda akisikia makelele anashika rimoti na kupunguza sauti. Baada ya dakika kumi na kitu tunahamia Washington, nyumba tulivu, mama anasoma kitandani, na darini kuna kitu kinakwaruza. Mkwaruzo huo ni mdogo kwa makusudi. Kwa sauti iliyopunguzwa hakuna anayeusikia, na mtafsiri naye anasema, "Kama unavyosikia, darini kuna panya." Watazamaji hawasikii, wanaambiwa. Halafu wanaambiwa waogope.

Dawa yake ni kupima sauti kabla watu hawajaingia. Tafuta mahali watu wawili wanapoongea kwa upole ndani ya nyumba, kaa benchi la mwisho, pandisha sauti mpaka unasikia kila neno bila kujikaza, kisha rudi mwanzo wa filamu na uiweke rimoti mfukoni. Iraq itapiga kelele. Iache ipige.

Kwenye filamu hiyo hiyo kuna sehemu ya hospitali, binti anachomwa sindano shingoni ili apigwe picha za mishipa ya kichwa. Hakuna pepo pale, wapo wauguzi, damu kidogo, na mashine inayogonga kwa nguvu kila inapobadilisha sahani ya picha. Wengi wa wakati ule waliona ni ngumu kuitazama kuliko kichwa kinachozunguka. Mtafsiri hana sababu ya kusema lolote hapo. Mtu yeyote aliyewahi kumsindikiza mgonjwa hospitali anaelewa kila kitu. Na kwenye ndoto ya Padri Karras unapita uso mweupe, sehemu ndogo tu ya sekunde. Uliwekwa ili mtu ajiulize kama ameuona. Anayepiga kelele "Umeona! Umeona!" amemjibia.

The Texas Chain Saw Massacre, ya Tobe Hooper, ya mwaka 1974, ndiyo inayoeleweka vibaya kuliko zote. Watu husema ni filamu ya kukatakata. Ihesabuni: anayeuawa kwa msumeno ni mmoja tu. Damu ni kidogo, Hooper alikuwa na matumaini ya kupewa daraja la umri lililo pole. Ilipigwa kwa kamera ndogo ya milimita 16 kiangazi cha mwaka 1973, kwenye joto kali la Texas, na ile sehemu ya kula mezani ilipigwa zaidi ya saa 24 mfululizo, madirisha yamezibwa, taa zimewaka, nyama na mifupa vikioza katikati ya waigizaji. Jasho lile si maji ya kupuliza.

Mtazameni kijana wa kwanza anavyouawa. Ni mchana kweupe. Anaingia kwenye nyumba akiita kama kuna mtu, anasikia mlio kama wa nguruwe, anakimbilia mlango wa ndani, anajikwaa. Mtu mkubwa mwenye kinyago cha ngozi anatokea, anampiga nyundo ya kichwa mara moja, miguu inapigapiga sakafuni, anampiga tena, anamvuta ndani na kuufunga mlango wa chuma kwa kishindo. Ni sekunde chache tu, kamera iko mbali, haisogei kumwangalia marehemu. Hakuna muziki wa kutuandaa wala wa kutufariji. Kazi imefanyika kama inavyofanyika machinjioni, na nyumba inarudi kimya. Nimesikia nakala iliyotafsiriwa ambamo mtafsiri, aliyeiona filamu kabla yetu, anaonya tangu kijana akiwa ngazini: "Ole wako, usiingie!" Ni ubinadamu mzuri, lakini umewapa watazamaji sekunde kumi za kujiandaa ambazo Hooper alihakikisha hawatazipata.

Alien, ya Ridley Scott, ya mwaka 1979, ina jambo ambalo ajabu wasomaji wenu wengi hawalijui: aliyekuwa ndani ya vazi la yule kiumbe muuaji wa angani alikuwa Mwafrika. Bolaji Badejo, Mnigeria, mwanafunzi wa sanaa jijini London, mwenye urefu wa mita 2 na sentimita 8 hivi, alionekana baa akaitwa kwenye usaili. Alifundishwa miondoko ya taratibu ili asitembee kama mtu aliyevaa vazi. Katika filamu ya dakika 117, kiumbe aliyekomaa yuko mbele ya kamera kwa dakika chache tu, na hata hizo tunaonyeshwa vipande: mkono, taya, mkia, kichwa kirefu kisicho na macho yanayoonekana. Umbo lake lilibuniwa na msanii H. R. Giger. Scott alielewa kwamba mtu mzima ndani ya mpira, akimulikwa vizuri kwa sekunde kumi, anakuwa mtu mzima ndani ya mpira.

Dakika za mwanzo za Alien hazina neno. Chombo kinapita, vijia viko vitupu, kompyuta inawaka yenyewe na kuakisi kwenye kofia mbili zisizo na vichwa. Mtafsiri huona hapo ndipo pa kusimulia kisa chote: hawa ni mabaharia wa angani, wamelala, wataamshwa, watakutana na yai. Basi, ameshamaliza. Na ile sehemu ya nahodha anayetambaa kwenye mabomba ya hewa na mwali wa moto mkononi imejengwa juu ya mlio mmoja wa kipimo kinachoonyesha kitu kinachosogea. Mlio unaongezeka kasi. Msichana anayekisoma anapiga kelele. Mlio na kelele yake vinaeleweka Tanga, Bukavu na Muscat bila kamusi.

Nyingine nizitaje haraka. Suspiria ya Dario Argento, ya mwaka 1977, ndiyo pekee katika kundi hili inayoweza kustahimili sabufa iliyofunguliwa mpaka mwisho, kwa sababu muziki wa kundi la Goblin unapiga kelele, unanong'ona na kukejeli humo humo. Mtazame vitasa vya milango: vimewekwa juu kuliko kawaida ili wanawake wazima waonekane kama watoto. Carrie ya Brian De Palma, ya mwaka 1976, mshtuko wake wa mwisho unategemea utulivu wa muziki unaoutangulia. Picha ile ilipigwa mwigizaji akitembea kinyumenyume kisha ikageuzwa, na ukiangalia nyuma utaona gari likirudi nyuma barabarani. Kitu hakiko sawa, na hujui ni nini. The Omen, ya mwaka huo huo, naiweka chini kidogo. Muziki wa Jerry Goldsmith ulistahili Oscar uliyoipata, lakini kila kifo kinatangazwa mapema mno.

Mtu atasema hofu ya kisichoonekana ni ya Wazungu, sisi tunataka tuone. Unguja na Pemba mwaka 1995 watu walitoka majumbani wakalala nje, wamezunguka moto, kwa kumwogopa popobawa, jini anayesemekana kuvamia watu usiku vyumbani mwao. Waliosikia habari zake walikuwa wengi mara nyingi kuliko waliodai kumwona, na waliosikia ndio waliohama vyumba vyao. Bibi anayesimulia ngano za mazimwi naye anajua mahali pa kunyamaza ili watoto wasogee.

Basi ombi langu kwa watafsiri ni la kiufundi. Kwanza, tazameni filamu nzima mara moja mkiwa mmeshika kalamu, mkaandike dakika ambazo wahusika hawaongei. Hizo si zenu. Kama kuna jambo lazima lielezwe, mfano barua isomwayo au jina la mji, lisemeni kwenye mazungumzo yaliyotangulia, kisha mnyamaze. Pili, msikate sauti ya asili mnapoongea. Ishusheni desibeli 8 hivi, na mkimaliza sentensi irudisheni polepole, kwa sekunde moja au mbili. Ikikatwa ghafla na kurudi ghafla, kila kurudi kwake kunakuwa mshtuko wa uongo, na baada ya mishtuko ishirini ya uongo ule wa kweli hausikiki. Tatu, nongʼoneni panaponongʼonwa. Sauti ya kutangaza mpira haimfai msichana aliyejificha kabatini.

Kwa wenye mabanda: filamu hizi, ukiacha Alien na Suspiria, zilitoka na sauti ya mkondo mmoja. Jaws, Halloween, The Exorcist, Texas, zote. Hazihitaji spika nne pembeni. Zinahitaji spika moja nzuri chini ya kioo au juu yake, ili sauti itoke inakotoka picha. Sabufa isiwekwe konani, kona huongeza besi mpaka inakuwa uji. Iweke kando ya runinga na uifungue nusu. Ukisikia muziki vizuri lakini maneno hayasikiki, nakala yako ina mikondo sita na mashine yako inacheza miwili tu. Ingia kwenye mipangilio ya sauti uchague stereo, maneno yatarudi. Zima ile hali ya usiku inayosawazisha sauti, maana inapandisha kimya na kushusha kelele, yaani inafuta kila kitu nilichokieleza hapo juu. Chagua hali ya picha iliyoandikwa sinema, zima ulainishaji wa mwendo unaofanya filamu ionekane kama tamthilia ya mchana, na uache mistari myeusi mahali pake. Jenereta lisogezwe mbali kadiri waya unavyoruhusu, nyuma ya ukuta wa tofali kama upo. Matundu ya bati yazibwe, au filamu ianze saa moja usiku.

Kwa waongozaji wetu wanaopiga filamu za majini na mizimu, neno moja tu. Kimya cha filamu si kukosa sauti. Kabla hamjaondoka kwenye chumba mlichopigia picha, waambieni wote wasimame tuli, zimeni simu, mnase sauti ya chumba kitupu kwa sekunde 60. Mnapohariri, itandikeni hiyo chini ya kila sehemu isiyo na maneno. Msipofanya hivyo, palipo kimya sauti itaanguka mpaka sifuri, mtazamaji atadhani spika imekufa, na ninyi mtaogopa, mtaziba pengo kwa kinanda. Ndiyo maana filamu zetu nyingi zina kinanda tangu mwanzo hadi mwisho.

Nimalizie na ombi dogo kuliko yote, kwa mtafsiri yeyote atakayeigusa Halloween. Mwishoni msichana anasema yule muuaji alikuwa zimwi, na daktari aliyekuwa akimsaka anakubali. Hilo litafsiri, neno zimwi linatosha kabisa. Daktari anatazama chini kutoka roshani na mwili uliokuwa umelala kwenye nyasi haupo. Baada ya hapo zinapita picha za vyumba tulivyovipitia usiku kucha, ngazi, sebule, kisha nyumba zenyewe kwa nje, zote hazina mtu, na juu yake inasikika pumzi ya mtu ndani ya kinyago. Hapo ndipo watafsiri wetu hutaja jina la studio, namba ya simu na filamu itakayofuata. Namba ya simu iwekeni baada ya pumzi kukoma.

Mpenzi wa filamu,
Tanga.